Chungu cha Viwavi

Asubuhi niliyotoka Obunga sikuwa na safari, mwanangu, na labda ndiyo sababu naikumbuka kuliko safari zote nilizowahi kuzipanga. Niliamka, nikakunja blanketi, nikalitia kwenye gunia pamoja na sufuria moja na mkebe mtupu wa majani ya chai, nikafunga mlango ambao haukuwa na kufuli. Jirani yangu alikuwa anakaanga mandazi nje. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nitajua nikifika. Akacheka, akanipa mandazi mawili kwenye kipande cha gazeti. Sijarudi kumwambia nilifika wapi. Pengine ni afadhali, maana ningelazimika kumweleza na nilichokifanya huko.

Watu huniita mzee kwa sababu ya hizi mvi. Umri wangu si mkubwa hivyo. Ni barabara iliyonizeesha, na mambo mawili matatu ambayo nimeyabeba barabarani. Hili ninalokuandikia leo ndilo zito kuliko yote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na usidhani nilifukuzwa kwa karo kama wengine. Siku moja nikiwa njiani kwenda darasani niliona siafu wanahama, mstari mrefu wenye mayai mdomoni, nikawafuata kuona wanahamia wapi. Nikawafuata na kesho yake. Siku ya tatu niliporudi shuleni mwalimu alinipigisha magoti mbele ya wenzangu akaniambia nieleze siafu wamenifundisha nini. Nilikuwa na mengi ya kueleza, lakini darasa zima lilikuwa linacheka. Sikufungua mdomo, na sikurudi tena. Iweke siku hiyo akilini, maana utaiona tena mbele.

Basi, asubuhi ile nilitembea hadi barabara ya Bondo, nikapandishwa na lori la mchanga lililokuwa linarudi tupu. Dereva aliniteremsha baada ya mji wa Bondo kwa kuwa alikuwa anakata kona. Nikafuata njia ya miguu inayoshuka ziwani, kwa vile ilikuwa inashuka tu, bila sababu nyingine. Mchana nilifika ufuoni. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, walikuwa wameanikwa chini juu ya vyandarua vikuukuu vya mbu, weupe wanang'aa, na wanawake wanawageuza kwa mafagio. Pembeni kidogo kulikuwa na shamba jembamba la sukuma wiki, limelala kama utepe kuanzia njiani hadi kwenye matete, na mwanamke mmoja anabeba maji kwa debe peke yake. Niliweka gunia langu chini nikachukua debe la pili. Hakuniuliza jina mpaka tulipomaliza mistari minne.

Huyo ndiye Mama Awino. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na binti yake Awino alikuwa ameolewa mbali, Migori. Alinipa kibanda kilichokuwa cha mbuzi, tukakifagia, akanipa na jina: Jabayo, yaani mzururaji. Alilitamka kwa upole, kama mtu anayekuita kwa jina la babu yako.

Jambo moja alinieleza wiki ile ile ya kwanza, nami naomba ulishike, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Ule utepe wa ardhi ulikuwa wa marehemu mumewe. Lakini shemeji yake, Owuor, alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na njia ya kuwafikisha majini ila hapo. Baada ya matanga aliutaka. Wazee wa boma walikaa, wakasema hivi: Mama Awino aendelee nao, mradi usionekane umelala. Akiulima ukawa kijani kutoka kiangazi hiki hadi mvua kubwa ya masika, ni wake, hakuna atakayeuliza tena. Ukikauka au ukiachwa, Owuor apitishe ng'ombe wake. Walimpa kiangazi kimoja tu. Zilibaki siku sitini na kitu hivi nilipofika, na sukuma ilikuwa imeingiwa na viwavi.

Kazi yangu ikawa hiyo. Asubuhi kabla jua halijawa kali, napita mstari kwa mstari nikigeuza majani, naokota viwavi natia kwenye kopo lenye maji na majivu. Vilikuwa vidogo, kijani, vyembamba kama uzi mnene. Ukikigusa kinajinyonganyonga kurudi nyuma, kisha kinajiachia na kuning'inia kwa uzi wake chini ya jani. Niliokota mamia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutazama, siku ya tatu au ya nne niliona kimoja ambacho hakikujinyonga. Nilikigusa, kikatikisa kichwa tu, kama mgonjwa. Rangi yake ilikuwa imepauka. Kando yake, juu ya jani, palikuwa na kitu cheupe kama punje ya mchele.

Mwingine angekifuta kwa kidole. Mimi nilikata jani lote nikalitia kwenye mkebe wangu wa majani ya chai.

Nikaongeza vingine, vizima na vilivyopauka, nikawa navipa majani mabichi kila asubuhi na kukaa navyo. Nilichokiona kilinichukua wiki tatu, lakini wewe nitakuambia kwa mara moja. Kiwavi kizima kinakula, kinanenepa, kisha kinajifumia kitu kama neti nyembamba, ukitazama unamwona mwenyewe ndani. Baada ya siku chache anatoka nondo mdogo wa kijivu. Huyo ndiye mama wa viwavi. Lakini kile kilichopauka hakifiki huko. Nilikaa nikikitazama kimoja tangu chai ya asubuhi. Ubavu wake ukavimba, ukapasuka, akatoka funza mweupe, na funza huyo, akiwa nusu bado ndani ya mwili wa mwenzake, akaanza kujizungushia nyuzi. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amejifungia ndani ya ile punje ya mchele. Kiwavi kilibaki kando yake, hai bado, hakili tena, na kesho yake kilikuwa ngozi tu.

Siku ya tano punje ilikatwa kichwani, mduara safi kabisa kama mfuniko wa sufuria, akatoka mdudu mweusi mwenye mabawa, mdogo kuliko sisimizi, mwenye pembe ndefu zinazotetemeka. Ni nyigu, mwanangu, ila si wale wa kukuchoma. Nilimwekea viwavi vichanga. Alitembea juu ya jani akilipapasa kwa zile pembe, akakifikia kimoja, akapinda mkia akakidunga, haraka kuliko kupepesa macho, akaenda kwa kingine. Vile alivyovidunga vilirudi kula kama kawaida. Baada ya wiki moja na siku mbili, vikapauka, na funza wakatoka.

Nilikaa nyuma ya kibanda nikihisi kama mtu aliyeambiwa siri. Yai lilikuwa linawekwa ndani ya kiwavi kikiwa hai, mtoto wa nyigu anakulia humo, anakila polepole, akiacha hadi mwisho viungo ambavyo bila hivyo kingekufa. Ni ukatili, sikatai. Lakini ulikuwa ukatili unaofanya kazi kwa niaba ya Mama Awino, na mimi nilikuwa nauzamisha kwenye majivu kila asubuhi pamoja na viwavi vilivyoubeba.

Hapo ndipo nilipotengeneza chungu. Mama Awino alikuwa na chungu cha maji kilichovunjika mdomo, na ufuoni hakukosekani chandarua kilichochakaa cha kuanikia omena. Nilikata kipande, nikakifunga mdomoni kwa kamba ya mpira. Viwavi vyote nilivyookota nikawa natia humo pamoja na majani. Nondo walipotoka walikuwa wakubwa kuliko vitundu vya chandarua, wakafia humo humo. Nyigu walijipenyeza, mmoja mmoja, wakasimama kidogo juu ya neti wakijipangusa uso, kisha wakaruka kuelekea shambani. Nilikiweka chungu katikati ya mistari, chini ya kivuli cha jani la ndizi.

Mama Awino alikuja kukitazama akiwa na debe kichwani. Akasema, "Omera, ndugu yangu, watu wengine wanafuga kuku."

Nikamweleza. Alichutama akatazama muda mrefu, maji yakimdondoka shingoni. Mwishoni alisema, "Kama ni hivyo, hao ni wageni wangu. Usiwamwagie majivu." Jumapili aliwasimulia wenzake kanisani, nao wakaja kuniona kama mtu anayekwenda kuona mbuzi wa miguu mitano. Wakaniita Mwalimu wa Viwavi. Utani wao haukuniuma. Ulikuwa na upendo.

Shamba halikupona mara moja, na sitaki kukudanganya kwamba lilipona kabisa. Majani ya nje yalikuwa na matundu. Lakini machipukizi ya katikati yalianza kutoka mazima, na punje nyeupe zilikuwa zinaongezeka wiki kwa wiki. Nilizihesabu kwa kuwa nilipenda kuzihesabu. Shida ni kwamba wachuuzi kutoka Bondo hawakupenda matundu, wakawa wanachambua na kunung'unika. Na Owuor naye alipita siku moja, akasimama njiani na fimbo yake, akasema bila ubaya wowote, "Shemeji, naona sukuma yako imekuwa kichungi." Siku hiyo Mama Awino alimwagilia mistari mara mbili.

Ndipo akaja Felix.

Alikuwa kijana wa umri wangu, labda mwaka mmoja juu. Alikuja kwa pikipiki akiwa na pampu ya mgongoni na boksi la chupa, anauza dawa za mimea kwa niaba ya duka moja la huko mjini. Viatu vyake vilikuwa safi, na alikuwa na cheti cha kilimo kutoka chuo fulani, ambacho alikitaja kabla hajakaribishwa. Mama Awino alimletea kiti. Kilikuwa kiti cha marehemu, chenye mikono, ambacho mimi katika wiki zote zile sikuwahi kukikalia wala hakuna aliyeniambia nisikikalie. Felix alikaa, akapewa chai. Kwetu sisi mgeni aliyekalishwa kiti hicho na kupewa chai habishiwi na kibarua. Nakueleza hivyo ili uelewe, si ili unisamehe.

Wachuuzi watatu walikuwepo wanafunga mafungu. Felix aligeuza jani moja, akaziona zile punje, akawaonyesha wote. Akasema hayo ni mayai, na kila moja lingetoa viwavi tele, na shamba lisipopigwa dawa wiki hiyo, Mama asihesabu kuvuna tena.

Mama Awino alisema, "Huyu kijana wangu anasema si mayai."

Felix alinigeukia. Nilikuwa nimesimama na kopo mkononi, matope hadi magotini. "Umesoma mpaka wapi, boss?"

"La sita."

"Ulimaliza hiyo la sita?"

"Hapana."

Laiti angecheka, mwanangu, ningemjibu. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma ya kweli akasema, "Si makosa yako." Kisha akasogea hadi kwenye chungu, akachungulia, akatoa simu akakipiga picha, akasema wenzake lazima waone mtu anayefuga viwavi katikati ya shamba la viwavi. Wachuuzi ndio waliocheka. Nikasikia darasa zima, na sakafu ya saruji chini ya magoti yangu.

Mama Awino hakucheka. Alinyamazisha watu kwa mkono, akaniita kwa jina alilonipa. "Jabayo. Wewe ndiye unakaa nao. Hii mchele ni mayai ama si mayai?"

Nimeliendea swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Lilikuwa swali jepesi. Nilikuwa na mkebe kibandani wenye punje kumi na moja nilizoziokota jana yake. Ningeweza kuuleta, kumwambia Felix akae nao siku tano, ajionee mwenyewe. Siku tano tu. Hata yeye asingekataa, hakuwa mtu mkaidi.

Nikasema, "Sijui, Mama. Nilikuwa nabahatisha tu."

Aliendelea kunitazama kidogo, kama anayengoja niseme kilichobaki. Nami ili kuondoa macho yake usoni mwangu nikafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyeniagiza. Nilikwenda jikoni, nikachukua birika lililobaki na maji ya chai yanachemka, nikafungua kile chandarua nikayamimina yote chunguni. Nilitaka waone kwamba mimi pia si mjinga. Felix akanipiga begani, akasema, "Sasa umeelewa," akanivisha pampu mgongoni anifundishe kunyunyizia.

Na hapa niseme ukweli wote. Niliupenda uzito wa ile pampu. Nilipita mistari yote nikinyunyizia wale nyigu mmoja mmoja, na nilikuwa natembea wima.

Siku tisa shamba lilikuwa safi. Mama Awino alifurahi hata akanikaangia ngege mzima, akaniwekea kwenye sahani yangu peke yangu, akasema mvua iko karibu na kila anayepita sasa anasifu. Nilimla yule samaki hadi kichwa. Nilijua kitakachokuja na nilimla.

Kitu ambacho Felix hakukijua, na mimi nilianza kukiona, ni kwamba ile dawa ilikuwa imewaua nyigu wote lakini haikuwa imeviua viwavi vyote. Nadhani viwavi vile vilikuwa vimeshapigwa dawa za kila aina katika mashamba ya watu, vikazoea. Vilivyobaki vilikuwa vichache, ila sasa havikuwa na wa kuvidunga. Jioni nikipita kwenye mistari, nondo wadogo wa kijivu walianza kuruka kutoka chini ya majani, mmoja hapa, wawili pale, kisha kama majivu yanayopeperushwa. Wiki iliyofuata viwavi vilikuwa vingi kuliko nilivyowahi kuviona. Felix alikuja akauza chupa nyingine, akasema tuongeze kipimo. Tukaongeza. Mara ya tatu Mama Awino alipompigia simu haikushikwa.

Nilitafuta punje moja nyeupe katika shamba lile zima. Nilipiga magoti mstari kwa mstari, nikageuza kila jani. Hapakuwa na hata moja. Sukuma ilikuwa imebaki mishipa, kama mifupa ya samaki iliyosimamishwa ardhini.

Utaniuliza kwa nini sikusema hata wakati huo. Kwa sababu kusema kungekuwa pia kukiri kwamba siku ile nilipoulizwa nilikuwa najua. Badala yake niliamka mapema zaidi, nikaokota kwa mikono miwili, nikafanya kazi hadi vidole vikapasuka, na kila Mama Awino aliponiambia nipumzike nilikataa, akaona ni bidii, akanishukuru. Sijawahi kupewa shukrani chungu kama zile.

Mvua ilichelewa. Owuor alikuja asubuhi moja na wazee wawili, ng'ombe wakimfuata. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniuma zaidi. Alivua kofia. Wazee wakapita shambani, wakatazama, kisha wakaja kusimama kando ya Owuor. Owuor akamwambia, "Mama Awino, mimi nifanye nini, na hawa wana kiu?" Naye alimjibu kwa sauti ya kawaida tu, kwamba apite. Ng'ombe wakapita. Kabla ya saa nne mistari yote ilikuwa ni matope ya kwato hadi majini.

Nilimkuta baadaye amekaa kwenye kizingiti na kile chungu miguuni. Alikuwa amekiokota kisikanyagwe. Chandarua kilikuwa bado kinaning'inia upande mmoja.

Alisema, "Zile mchele. Tangu zipotee ndio viwavi vimejaa. Ulijua?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili. "Nilijua."

"Siku ile nikikuuliza?"

"Nilijua, Mama."

Nilitamani anitukane. Alisema polepole, akichagua Kiswahili chake kama mtu anayechambua omena: "Yule wa dawa alikosea, hakujua. Mimi nilikosea, niliamini. Lakini wewe, nyathina, mtoto wangu, mimi sikukuuliza umesoma wapi. Nilikuuliza umeona nini."

Hayo tu. Hakunifukuza. Jioni aliniwekea ugali kama siku zote, na asubuhi alikuwa ameshatoka kwenda kugeuza omena wa watu wengine ufuoni, kazi ambayo hakuwa akiifanya nilipomkuta. Nikafunga gunia langu nikaondoka kama nilivyokuja, bila mpango, ila safari hii sikuwa nafuata njia kwa sababu inashuka. Nilikuwa nafuata yoyote iliyokuwa inanipeleka mbali na macho yake. Nilitembea hadi Luanda Kotieno, nikavuka kwa feri, nikashuka Mbita ambako sikujua mtu.

Nyuma ya kinu cha posho nilipata chumba. Mwenye nyumba alikuwa mzee mkimya aliyejaa unga hadi kwenye nyusi. Alinionyesha kitanda na dirisha, akasimama mlangoni wakati natoa vitu vyangu: blanketi, sufuria, na ule mkebe wa majani ya chai. Nilikuwa nimeusahau. Siku aliyokuja Felix ulikuwa umening'inia kibandani ndani ya gunia, na haukuguswa tena.

Nilifungua mfuniko. Punje zote kumi na moja zilikuwa zimekatwa vichwani, miduara safi. Nyigu kumi na mmoja walikuwa wamelala kwenye ukingo wa mfuniko, pale mwanga unapopenya kidogo, wamekauka. Nilipiga hesabu ya siku nikasimama tu. Walitoka siku zile zile shamba lilipokuwa halina hata nyigu mmoja. Walikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mistari. Ningefungua mkebe ule mlangoni pa kibanda tu, pengine wangetosha kuanza upya, pengine wasingetosha. Sikuufungua. Badala yake nikawabeba hadi ng'ambo ya ziwa.

Mzee wa unga aliuliza hao ni wadudu gani. Nikamwambia. Nilimweleza yote, mtu nisiyemjua jina, kuanzia funza hadi birika. Nilipomaliza aliuliza kama nimemweleza na yule mama habari za mkebe. Nikasema bado. Akaniachia ufunguo mezani, akarudi kwenye kinu chake.

Bado sijamweleza, mwanangu. Mara tatu nimefika kwenye feri ya Mbita nikiwa na nauli mkononi, na mara tatu nimegeuka. Kama yu hai, kama Awino alimchukua, kama ule utepe umerudi kuwa wa kijani, sijui. Safari hii nasema sijui na ni kweli.

Nasaha yangu kwako si ya mimea, ingawa ukiona punje nyeupe kwenye sukuma yako iache. Ni hii. Utakutana na watu waliosoma kuliko wewe, na wengi wao watakuwa sahihi kuliko wewe, wasikilize. Lakini lile ambalo umelitazama kwa macho yako mwenyewe, siku nyingi, bila mtu kukulazimisha, hilo ni lako, na ukiulizwa liseme. Liseme hata kama sauti inatetemeka na watu wanacheka. Kicheko chao kingeishia pale pale, kabla hata chai haijapoa. Kimya changu kilichukua shamba la mtu. Na kama umeshanyamaza, rudi useme mapema, ukiwa bado ni umbali wa hatua ishirini, kabla hujaweka ziwa katikati.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama. Akukutanishe na mtu atakayekuuliza umeona nini, kama mimi nilivyokutanishwa. Na siku hiyo akufungue mdomo wako, mwanangu, ili usije ukazeeka na mkebe kama huu wangu mezani.